Mate Usoni

Muuguzi alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa watu, akimkandamiza kifua mzee aliyeanguka ghafla, mtoto wa mzee alipomtemea mate usoni.

"Mmechelewa makusudi! Baba akifa, nawe hutoki humu!"

Yalikuwa mate mazito, yananuka sigara. Yakamteremka shavuni mpaka pembeni mwa mdomo. Kuyafuta angeyafutaje? Mikono ikitoka kifuani, mzee ndiyo basi tena. Akabana midomo, akaendelea. Lile jitu likamkamata nywele. Ndugu wamejaa mlangoni, kila mmoja na simu yake, wanapiga picha.

Dereva wa gari la wagonjwa, waliyemtania kwa jina la Konokono ingawa hakuna aliyemfikia kwa mwendo, alibwaga machela akajitia katikati. Ngumi ikampasua mdomo. Lakini mzee alikohoa, akavuta pumzi, wakamwahisha hospitali.

Muuguzi alinawa kwa sabuni hadi ngozi ikawaka. Harufu haikutoka.

"Yaishe, mwanangu," matroni alimwambia. "Kazi yetu ni wito. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu gani, mama? Mimi nimelishwa mate."

Kesho yake yule mwana akaja, shati limepigwa pasi, meno yote nje. "Dada yangu, shetani alinipitia tu."

"Huyo shetani mbona hakuanza na dereva, mwenye kifua kama mlango?"

Akamwacha amesimama, akaingia wodini kumpima mzee presha. Mzee alimshika mkono. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Nimeonyeshwa hizo picha. Umeshashtaki?"

"Bado, baba. Wananiambia nisamehe."

"Nani kawatuma? Nilimzaa mimi, namjua. Alianza na mama yake, tukasema ni utoto. Nenda, mwanangu. Nikiitwa, nitasema."

Akaenda polisi na Konokono, mdomo wake bado umevimba. Mahakamani mzee alikuja akiegemea mkongojo, akasema yote. Mwanawe akafungwa. Matroni, aliyeombwa ushahidi akadai ana udhuru, siku ya hukumu ndiye aliyewahi kiti cha mbele.

Nje ya mahakama akamfuata muuguzi, uso umechanua, mkono ameunyoosha.

"Tumeshinda, mwanangu!"

Muuguzi aliutazama ule mkono kama anavyotazama kitambaa cha usaha. Akaupita, akapanda garini.

"Twende," alimwambia Konokono. "Kuna watu wanatusubiri."