Kumsindikiza Okech

"Watu wengine wanasindikizaka mpaka ku lifti," Onésime alisema, kikombe cha chai mkononi, akiwa amesimama mlangoni pa jengo lao hapo Tensta, kitongoji cha Stockholm. "Lifti tumeshapita."

"Mugeni tunamusindikizaka mpaka njiani," mkewe Orpha alijibu, akilazimisha kofia ya baiskeli ikae juu ya kilemba. "Na huyu iko na kinga, baiskeli yake. Nitamufuata na miguu?"

Huyo mgeni aliitwa Okech, kijana wa Tororo, na wakati huo alikuwa ameinama akifunga mifuko yake kwenye baiskeli. Alikuwa ameendesha kutoka Uganda, nchi baada ya nchi, akielekea kaskazini ya mbali kulitazama jua lisilozama. Stockholm alikusudia kulala usiku mmoja tu. Lakini ukifika Tensta na njaa, na Kiswahili kidogo hata cha kuombea maji, hutoki upesi. Waganda wenzake wakamvuta kwenye pilau yao, kwaya ya Wakongo ikampa shati la kuimbia Jumapili, naye Onésime akamzungusha mji wa kale hadi akaomba kupumzika. Sombe ya Orpha, kisamvu cha kwao, ndiyo iliyommaliza kabisa. Wiki ikakatika.

Sasa alikuwa anaondoka, na Orpha alikuwa na shida ambayo mgeni hakuijua. Tangu majira ya kuchipua alikuwa akijifunza baiskeli na akina mama wenzake kwenye uwanja wa shule. Alitaka kuvuka uwanda wa Järva kwenda Kista, ambako anasafisha ofisi. Majengo yake anayaona kutoka dirishani mwa jikoni, ila basi linazunguka kama linaogopa nyasi. Kuendesha alikuwa ameshajua. Kuanza ndiko kulikomshinda: mpaka mtu amshikie kiti na kumsukuma. Mwalimu alimwambia kila mara atazame mbele, lakini mtu aliyepiga deki miaka yote hiyo akirudi kinyumenyume haoni urahisi huo. Onésime naye alishaanza kusema kwamba baiskeli inajaza nyumba, heri wapewe watu wa kanisa.

Hata hivyo alimshikia kiti, akamsukuma, chai ikamwagika.

"Breki, Mama Akili," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Usisahau breki."

Waliteremka hadi uwandani, wakapita kondoo wa shamba la Eggeby, Orpha akiwa ameng'ang'ania usukani na Okech akimsimulia habari za mbwa wa Misri. Uwanda ukaisha. Wakapita nyumba za Akalla, wakaingia msituni. Orpha alikuwa akingoja neno moja tu: mama, inatosha, rudi. Kwao Kongo mgeni ndiye anayemrudisha mwenyeji. Kumwacha kabla hajasema ni sawa na kumfukuza. Okech hakusema. Basi Orpha akaendelea, mapaja yakiwaka moto, mpaka mlima mdogo ukamshinda akakanyaga chini.

"Okech mwanangu," alisema akihema, "unanipeleka mu Norvège, mu inchi ingine?"

Okech alishangaa. "Mama, mimi nilikuwa nangoja wewe. Si mkubwa ndiye anasema tuachane? Mimi nitakuambiaje urudi nyumbani?"

"Mugeni ndiye anasemaka."

Walitazamana, wakacheka hadi mzee mmoja aliyekuwa na mbwa akawapisha njia nzima.

"Basi twende nikufikishe nyumbani," Okech alisema.

"Ukinifikisha, nitakusindikiza tena. Tutazeekea humu njiani."

"Basi nikushikie kiti, kama mzee wako alivyofanya mlangoni."

Orpha nusura akubali. Aliogopa, tena sana, na aliona aibu kuanguka mbele ya mtu aliyevuka jangwa. Lakini kule Kista, akitoka kazini, nani angemshikia kiti?

"Hapana. Wewe enda, Mungu akutangulie. Na usiangalie nyuma."

Okech alimpa mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akapanda. Hakuangalia nyuma. Muda si muda miti ilimficha, na Orpha akapata uchungu kama mtoto wake mwenyewe ameondoka.

Akajaribu. Kanyagio likateleza na kumkwaruza muundi. Akajaribu tena, akaishia kwenye majani, amekumbatia mti. Akafikiria kuikokota baiskeli hadi nyumbani, akamwona Onésime mlangoni na maneno yake ya kanisa tayari mdomoni. Hasira ikampanda. Akaipeleka baiskeli katikati ya njia, akapandisha kanyagio la kulia, akatazama pale njia inapokunja, akasukuma.

Baiskeli iliyumba. Ikayumba tena, kisha ikanyooka.

Nje ya msitu kulikuwa na njia panda. Kibao kimoja kilielekeza Tensta, kingine Kista. Siku hiyo hakuwa na zamu. Orpha alikata kona ya Kista, polepole, akijisemea kwa sauti kama anaongea na mtoto. Simu ikaanza kulia mfukoni. Alijua ni Onésime. Aliiacha ilie, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.