Virusi Vinavyokimbia

Mume wangu Kuipa alipoanza kukonda, kaka yake Nori alianza kumtazama mama yangu kwa jicho baya.

Mama alihamia kwetu, hapa milimani nje ya mji wa Hagen, baada ya Baba kufariki. Nori akija alikataa hata maji ya mkononi mwake.

"Shemeji," aliniambia, Mama akisikia, "Tei wa ng'ambo ya mto anaishi na virusi vya UKIMWI mwaka wa nane, na bado anachimba mitaro. Kuipa alitoa damu mwaka jana tu, wakasema yuko safi. Leo suruali inamdondoka. Virusi gani vyenye haraka hivyo? Huyu analiwa na mchawi."

Mama aliinuka akatoka. Kwetu mjane akishatajwa mchawi, moto wa kumchoma hauko mbali.

Nami nilikuwa na shaka yangu. Kuipa alipopatikana na virusi, mimi pia nilipimwa, sikuwa navyo. Basi Kuipa alivitoa wapi? Nilipomuuliza aligeukia ukutani.

Kliniki walikuwa wamemwambia CD4 zake, zile chembe za kinga ya mwili, bado ziko juu, asubiri miezi sita ndipo arudi kupimwa. Sikusubiri. Nilimrudisha mapema, na Nori akatufuata kama askari anayesindikiza wezi.

Sista Doreen alipopata majibu alivuta kiti karibu. "Zimeporomoka, Kuipa. Kwa watu wengi virusi hutembea polepole. Kwa wachache hukimbia, bila mchawi yeyote. Wewe ni mmoja wao. Habari ya kusubiri imekwisha, anza dawa leo."

"Dawa hizo si ndizo zilizommaliza binamu yetu?" Nori akadakia.

"Binamu yenu aliletwa kwa machela. Alichelewa."

Kuipa aliigeuzageuza chupa ya vidonge aliyopewa. "Nisipomeza je?"

"Utakufa. Halafu watatafuta wa kumlaumu." Sista alisema hivyo akimtazama Nori.

Kuipa akainamisha kichwa. "Kaka, mwache mama mkwe. Nilivipata mjini Banz, msimu wa kahawa, kwa mwanamke. Ilikuwa baada ya kutoa damu."

Hakunitazama. Nilitoka nje, miguu ikitaka kwenda zake. Lakini Kuipa akifa, nani angeamini neno la Sista mbele ya Nori? Nikarudi ndani.

"Meza," nikamwambia. "Nifungulie mdomo nione."

Wiki za mwanzo za dawa alitapika, akaota vipele mwili mzima. Nori alikuja na vijana wawili, wakasimama kwenye ua wakiutazama mlango. Mama hakutoka nje. Nilibaki mlangoni na panga langu la shambani hadi walipoondoka.

Mvua zilipokatika, Kuipa alipanda mlima hadi shamba lake mwenyewe la kahawa, bila fimbo. Nori hajamwomba Mama radhi. Siku hizi anapita njia ya chini tu, asikaribie ua wetu.

Mimi nimepimwa tena, sina. Ninalala chumbani kwa Mama. Kuipa huniuliza mpaka lini.

"Umemeza?" namuuliza.