Siku Niliyopangiwa Kuizika Fasihi

Kikaratasi nilichochomoa kwenye kofia ya Madam Rabia, mwalimu wetu wa Fasihi, kilikuwa kimeandikwa PINGA. Nikakikunja haraka, kana kwamba kikikunjwa maneno yatabadilika.

"Madam, naomba nichomoe kingine."

"Esteri, hii siyo bahati nasibu ya soda."

Mada ya mdahalo wa Ijumaa ile, mwaka 2014, ilikuwa kwamba Fasihi ya Kiingereza iendelee kufundishwa shuleni kwetu. Mkuu wa shule, Mwalimu Bazilio, mtu wa hesabu hadi kwenye kunyoa ndevu, alitaka kuifuta kwa sababu tulioisoma tulikuwa wachache, na vipindi vyake vingefaa kwa hesabu. Madam alimbembeleza asikilize mdahalo kwanza. Akakubali: upande utakaoshinda ndio utakaofuatwa. Na mimi niliyetembea kutoka Heru Juu kila asubuhi kwa ajili ya somo hilo, ndiye niliyepewa jembe la kulizika.

"Babaika kidogo," alininong'oneza Nathaniel, msemaji wa watetezi. "Jifanye umesahau maneno."

"Nibabaike mimi? Mbele ya kidato cha pili?"

Kulipenda somo ni jambo moja, kuchekwa na kidato cha pili ni jambo lingine. Halafu Madam alikuwa ametufundisha kwamba anayeshindwa kwa makusudi anaitukana hadhira. Nikasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, mabibi na mabwana," nilianza, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kiha ambayo sijawahi kuionea aibu. "Fasihi ni hatari. Mimi ni majeruhi wake. Jumapili nilibandika maharage, nikashika kitabu. Maharage yakaungua. Mbuzi wa jirani akaingia jikoni, akala sombe yote, majani yetu ya muhogo, akatoka kwa mlango wa mbele kama mgeni aliyeshiba. Mama akanikimbiza hadi barabarani. Bodaboda akasimama, akaniuliza, dada, unakimbizwa na nani, simba?"

Ukumbi ukapasuka. Mpishi wetu, Mama Pelagia, akashika mbavu.

"Mtauliza, hukusikia harufu? Ningeisikiaje? Kitabuni, bibi harusi amejificha ndani ya ghala la mahindi. Hamtaki yule mzee wanayemwoza. Baba yake yuko mlangoni na panga. Na bibi harusi ana mafua! Vumbi la mahindi linampanda puani. Baba anauliza, nani yumo humo? Kimya. Pua inawasha. Baba anashika komeo, anavuta, bibi harusi anafumba macho..."

Gasper, mtunza muda, akagonga kengele.

Nikakaa. Naapa sikupanga.

"Malizia!" ukumbi ulipiga kelele. "Esteri, usitufanyie hivyo!"

"Endelea, binti," mkuu alisema, amesogea hadi ukingoni mwa kiti.

Gasper akasimama, kengele mkononi. "Mkuu, ulisema mwenyewe. Kengele ikilia, hata rais anakaa."

"Basi niambie tu. Alipiga chafya?"

"Sijui, mkuu. Hapo ndipo mama aliponinyang'anya kitabu akamrudishia Madam."

Kura zikapigwa. Mikono ikanyooka upande wangu kama shamba la mahindi. Nilikuwa nimeshinda, yaani nilikuwa nimelizika somo langu mwenyewe. Nathaniel alijishika kichwa.

"Wapinzani wameshinda," mkuu alisema. "Somo linafutwa." Akakohoa. "Madam Rabia, hicho kitabu mtakimaliza lini?"

"Tukikisoma harakaharaka, mkuu, au vizuri?"

"Vizuri, vizuri. Haraka ya nini?"

"Ni kinene, mkuu. Kitatufikisha hadi mtihani wa taifa wa mwakani."

"Basi litafutwa kitabu kikiisha. Kuacha kitu nusu sipendi."

Kelele tulizopiga zilisikika sokoni Kasulu, au nataka kuamini hivyo.

Jumatatu mkuu alikuwa dawati la nyuma, magoti yamekwama chini yake. Madam alisoma ukurasa mmoja, akafunga kitabu, akaanza kutuuliza mwandishi anajengaje taharuki.

"Na lile komeo?" sauti ilitoka nyuma.

"Tunanyoosha mkono kwanza, mkuu."

Akanyoosha.