Zumari ya Mzee Jecha Kwenye Gari la Jeshi

Mwaka wa arobaini na saba, Bwana Hakimuddin, mwenye duka la nguo pale Wete, alinunua gari la jeshi lililostaafu kama mimi. Lilikuwa dogo, halina milango, na magurudumu yake yote manne yalivuta, hata tope la masika likaliheshimu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka vitani Burma, nilikofundishwa kutengeneza redio za jeshi, na tangu kurudi nilikuwa nachukua magunia bandarini. Ufundi wangu wote ulihamia mgongoni.

Bwana Hakimuddin akaniambia nimfungie garini mashine ya kukuza sauti, tupite mashamba tukitangaza kanga na sabuni. Tukienda kijiji cha Pujini siku ya kwanza na mambo yakawa sawa, kazi ya udereva na ufundi ni yangu. Yakiharibika, nirudi kwenye magunia. Aliyasema hayo huku anatabasamu, ndipo nikajua hatanii.

Nikafunga. Spika, yenye mdomo mpana kama ungo, niliielekeza nyuma isitupasue masikio sisi wa mbele. Kipaza sauti nikakifunga kiti cha nyuma, mbele ya Mzee Jecha, mpiga zumari tuliyemkodi ili watu watoke majumbani. Mashine yenyewe niliiunganisha na swichi ile ile ya injini: injini ikizimwa na sauti inakatika, betri isinyonywe bure. Bwana Hakimuddin alinisifu kwa hilo. Mimi nikajisifu zaidi.

Jambo moja lilinitoka, na mimi Mpemba wa kuzaliwa. Ng'ombe wa mchezo, anayepambanishwa na watu uwanjani, kwetu huamshwa kwa zumari. Siku ya mchezo hupigiwa mpaka damu imchemke, na zumari ikinyamaza anajua mchezo umekwisha, anarudi nyumbani kula majani.

Tulipoikaribia Pujini, Mzee Jecha akafumba macho, akajaza mashavu, akaanza. Spika ikavuma mpaka ndege wakahama mikarafuu. Kwenye kioo cha pembeni nikaona kitu cheusi kinatoka kichakani kinaburura kamba iliyokatika. Nilimjua. Ni Haambiliki, fahali wa Bi Tatu, ambaye msimu uliopita aliwarusha wanaume watatu kwenye mpunga, mmoja wao binamu yangu.

Nikakanyaga mafuta. Lakini njia ilikuwa mashimo na mizizi. Gari linaruka, ng'ombe anakimbia, na kila nikitazama kioo pembe zimezidi kukua. Nikamwomba Bwana Hakimuddin amnyamazishe mzee. Akapiga kelele, spika ikazimeza. Akageuka, akampiga mzee begani.

Hapo ndipo alipoharibu. Mpiga zumari akiguswa bega katikati ya wimbo, anajua anatuzwa. Mzee Jecha akatikisa kichwa kwa shukrani, macho bado yamefumbwa, akaipandisha juu zaidi. Bwana Hakimuddin, kwa kuchanganyikiwa, akamtupia kanga mpya usoni amzibe. Tuzo ya kanga tena! Mzee akapiga kama anayemwoza binti yake wa pekee.

"Zima mashine," akaniambia Bwana Hakimuddin sikioni.

"Nikizima, gari nalo linazimika."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anazikumbuka zile sifa alizonipa.

Mbele palikuwa na mteremko unaoshukia bonde la mpunga. Nikapiga hesabu upesi: gari likiserereka vizuri, tumepona, likipinduka, naiona bandari. Tulipokivuka kilele nikatoa gia, nikazima injini.

Kimya kikatuangukia. Mzee Jecha akasikia zumari yake imebaki nyembamba kama mbu, akaitoa mdomoni, akafumbua macho, akauliza nani kaiua spika. Kisha akatazama nyuma. Akaikumbatia zumari.

Gari likateremka bila sauti. Kule juu Haambiliki alisimama, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyefika harusini akaambiwa ilikuwa jana, akainamisha shingo kwenye majani.

Tulisimama chini, tope nusu ya magurudumu. Pujini nzima ikatujia mbio. Walidhani kuna mchezo ambao hawakualikwa. Bi Tatu alikuja nyuma yao, kajifunga kanga kiunoni, anahema.

"Mmanga," akaniita kwa jina, "ng'ombe wangu alikuwa kajilalia zake. Umemwita kwa zumari, tena kwa sauti ya kusikika Mkoani. Kaja, unamkimbia. Ndiyo adabu mliyofundishwa huko Burma?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na waliokaa wakaanza kuchambua kanga. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimenunuliwa zote, ila ile ya Mzee Jecha, aliyekataa katakata kuirudisha. Tuzo, alisema, hairudi dukani.

Bwana Hakimuddin hakucheka. Alilizunguka gari, akagusa kila gurudumu, akachungulia ndani ya spika. Mimi nilisimama pembeni, mabega yameshaanza kuusikia uzito wa gunia.

"Fundi," akasema hatimaye, "Jumatatu tunakwenda Msuka. Wewe tangulia Jumapili, ukaulize ng'ombe wao wanafungwa wapi."