Meza, Cherehani na Makala ya Pili

Fundi miwani alikuwa na blogu yenye makala moja. Makala yenyewe ilikuwa na maneno kumi na mawili: "Karibuni kwenye blogu yangu. Hapa nitaandika mambo mengi. Kaeni mkao wa kula." Aliiandika miaka sita iliyopita. Waliokaa mkao huo, kama wapo, bila shaka miguu imeshawafa ganzi.

Si kwamba jamaa alikuwa mvivu, la. Programu ya kuendeshea blogu hiyo aliiunda mwenyewe, kwenye kompyuta ya mezani iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Programu za watu wengine ziko tele, unachagua moja unaanza kuandika. Alizijaribu saba, zote akazitoa kasoro. Hii vitufe vyake vinene, ile inafunguka kwa mbinde, nyingine rangi yake inamkumbusha wodi. Na mtu anayeshinda kutwa dukani akisugua lenzi mpaka ikae kwenye fremu bila kuacha upenyo wa unywele, hawezi kurudi nyumbani akavumilia kitufe kilichokaa upande.

Basi akaunda yake. Akaiwekea sehemu ya kutafuta makala. Utafute neno lolote, inakuletea ileile moja. Akaiwekea orodha ya makala zinazosomwa zaidi. Namba moja ilikuwa ileile, na namba mbili haikuwepo. Akaweka mahali pa maoni ya wasomaji, pamoja na kengele ya kumjulisha kila maoni yanapoingia. Mlio wa kengele hiyo aliuchagua kwa wiki mbili nzima. Ilikuwa haijawahi kulia.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ilibanwa chumbani, kati ya kitanda na kabati, na kila akishona pazia refu, nusu ya kitambaa ilipanda kitandani na nusu ikatoka mlangoni kama inatoroka. Nyumba ilikuwa na meza kubwa moja tu, pale sebuleni, dirishani kwenye mwanga. Meza hiyo ilikaliwa na kompyuta.

Jumapili moja, wakiwa bado na sahani mbele yao, mke akaweka kijiko chini.

"Mume wangu, ile blogu ina makala ngapi?"

"Kwa sasa?"

"Kwa sasa."

"Kwa sasa ni moja. Lakini msingi ni imara."

"Sawa. Sikia basi. Nakupa mpaka Jumamosi, saa sita mchana. Makala ya pili iwepo. Maneno mia moja, mapya, na yasihusu hiyo programu yako. Yakiwepo, meza ni yako, sitaitaja tena mpaka nizeeke. Yasipokuwepo, cherehani inahamia dirishani, wewe na kompyuta yako mnakwenda kati ya kitanda na kabati."

"Mia tu? Mbona hiyo kazi ya dakika kumi?"

"Ndiyo maana nimekupa siku sita."

Shahidi akateuliwa dada mkubwa wa fundi, karani wa mahakama, mwanamke aliyekwisha kusikia uongo wa kila aina na kuupiga muhuri. Fundi alifurahi, damu nzito kuliko maji. Alichosahau ni kwamba mapazia yote ya dada yake yalishonwa na mkewe.

Jumatatu alikaa kuandika. Kabla hajagusa herufi, akaona tarehe imekaa karibu mno na kichwa cha habari. Akaisogeza. Jumanne akairudisha. Jumatano likamjia wazo lililomtoa jasho: ukurasa wa kumbukumbu, ule unaopanga makala zote kwa mwaka na mwezi, haujawahi kubeba zaidi ya makala moja. Je, ya pili ikiingia, ukaporomoka? Huwezi kumwita mgeni wa pili kwenye nyumba usiyojua kama ina kiti cha pili.

Ili kuujaribu alihitaji makala nyingi, naye makala hana. Alichokuwa nacho ni maelezo ya matoleo. Kila alipobadilisha kitu kwenye programu, alilipa toleo jipya namba, akaandika mistari michache juu ya alichokifanya na kwa nini. Matoleo yalikuwa yamefika mia mbili na kumi na tatu. Maelezo hayo hakuna aliyewahi kuyasoma, hata yeye mwenyewe hakuyarudia. Akayanakili yote kwenye folda ya makala na kufungua ukurasa wa kumbukumbu. Ukasimama wima, miaka sita yote, mwezi kwa mwezi. Fundi alifurahi kiasi cha kucheza akiwa ameketi. Kisha akaenda kula, na ile folda akaisahau na mzigo wake.

Alhamisi na Ijumaa aliunda kihesabio cha maneno, ili ajue atakapofika mia. Kilifanya kazi bila dosari. Kilionyesha sifuri.

Jumamosi saa tano na nusu dada akaingia na mkoba wake, akaketi kwenye kochi, akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani uso juu.

"Umeandika, kaka yangu?"

"Naandika, dada. Usinitie presha."

"Mimi presha naitoa wapi? Mimi na wifi yangu tunakunywa chai."

Fundi akaandika. "Leo asubuhi kulikuwa na mawingu. Baadaye mawingu yaliondoka." Akatazama dirishani kuhakikisha. Akaongeza kwamba mawingu ni kitu cha kawaida, lakini si kila siku. Saa sita kasoro dakika moja kihesabio kilisema thelathini na moja. Akafikiri: bora nusu shari kuliko shari kamili, huenda mahakama ikamhurumia. Akabofya kitufe cha kuchapisha.

Programu iliwaza. Kisha maandishi ya kijani yakajitokeza: "Makala 214 mpya zimechapishwa. Hongera sana!"

Hiyo hongera aliiweka mwenyewe, kwenye toleo la arobaini.

Akashika kipanya ili afute, lakini mkewe alikuwa ameshafungua blogu kwenye simu. Miaka sita alikuwa akiijua kama ukurasa mmoja mfupi. Leo ilikuwa ndefu kama pazia la ukumbi.

"Toleo la kumi na mbili," akasoma kwa sauti. "'Nimepunguza mlio wa kitufe cha kuhifadhi. Mke wangu amesinzia kwenye kiti na sindano mkononi, nisingependa ashtuke ajichome.'"

"Hayo ni ya majaribio," fundi akasema. "Hayasomwi."

"Toleo la hamsini na saba. 'Leo sikubadilisha kitu. Baba mkwe kalazwa. Nimefungua programu, nikaitazama, nikaifunga. Mke wangu anaosha vyombo huku anaimba. Akiimba hivyo huwa ana hofu.'"

Hapo mke akairudia mistari hiyo kwa macho tu. Kompyuta ikaendelea kunguruma peke yake.

"Soma, wifi," dada akasema. "Chai inapoa."

"Toleo la themanini na nane. 'Nimemwambia mke wangu naenda kupima shinikizo la damu. Nimekwenda kununua kibodi. Kibodi ni nzuri. Shinikizo sijui.'"

Fundi alitafuta pa kuangalia, akaangalia kibodi, akaona hapo si pazuri.

"Toleo la mia na thelathini na moja. 'Dada alisema anakaa siku mbili. Leo ni ya tisa. Nimeweka nenosiri.'"

"Nilikuwa naumwa mgongo," dada akasema, bila kugeuza shingo.

Mke akaiweka simu mapajani.

"Mume wangu, nina swali moja tu, na karani yupo. Hizi ni habari za programu, au ni habari za nyumbani?"

Swali lilikuwa fupi lakini lilikuwa na miiba pande zote. Akisema ni za programu, basi ni makaratasi ya kazi, atayafuta yote, hakuna atakayeuliza habari za kibodi. Ila yatakuwa hayahesabiki, na kabla ya jioni atakuwa amebanwa na kabati. Akisema ni za nyumbani, maneno yatapita elfu kumi na meza ni yake. Lakini na la themanini na nane nalo ni lake.

"Mficha uchi hazai, kaka yangu," dada akamkumbusha.

Fundi akaisukuma kibodi pembeni.

"Za nyumbani."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile ya themanini na nane?"

"Hiyo ndiyo ya nyumbani kabisa."

Dada akaivaa saa yake. "Shahidi ameridhika. Meza ni ya mume."

"Haki yake," mke akasema. Akachukua simu, akaingia chumbani, akashusha pazia la mlango.

Fundi akabaki na meza yake. Alisubiri kusikia cherehani, haikulia. Meza ilikuwa kubwa mno kwa kompyuta moja. Jambo hilo alikuwa hajalipima.

Ndipo ikalia kengele.

Kwanza hakuielewa. Halafu akaruka. "Inalia! Dada, inalia!"

"Nimesikia. Mlio mzuri."

Maoni yalikuwa chini ya toleo la kumi na mbili: "Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa nakusikiliza unavyoibembeleza kompyuta."

Kengele tena, toleo la themanini na nane: "Jumatatu tunakwenda kupima hilo shinikizo. Nakusindikiza mwenyewe. Kibodi utaibeba, daktari aione."

Kengele ya tatu ilichelewa kidogo. Toleo la hamsini na saba: "Nilidhani hujui."

Fundi alisoma hilo mara kadhaa, ingawa lilikuwa na maneno mawili. Akavua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na vumbi. Yeye ni fundi, angejua.

"Mke wangu!" akaita. "Cherehani ina upana gani?"

Walitenganishwa na pazia tu, angeweza kuitikia. Kengele ikalia: "Futi mbili, na nafasi ya kiwiko."

Akachukua tepu ya mkewe kwenye kochi, akapima, akaisukuma kompyuta kushoto mpaka dirisha likabaki wazi upande wa kulia. Akapima tena, akaongeza inchi nne za kiwiko. Kisha akaketi, akafungua faili jipya, akaandika: "Toleo la 214. Kengele inafanya kazi. Nimesogeza kompyuta kushoto."

Kabla hajahifadhi, kengele ikalia. Alipogeuka, dada yake alikuwa anairudisha simu kwenye mkoba.

"Zilikuwa siku saba, si tisa," dada akasema. "Rekebisha."