Miguu ya Nasra

Mwanangu Nasra alijifunza Kinepali kwa siku nne, kwenye ngazi za jengo letu hapa Abu Hamour, ughaibuni, kwa sababu ya kuogelea. Ijumaa tulikuwa tunakwenda ufukweni Al Wakrah, na bila rafiki yake Asmita wa ghorofa ya tatu, alisema, yeye haendi. Lakini bibi yake Asmita, aliyewasili kutoka Nepali juzijuzi, alikataa. Mjukuu wake hatoki na watu ambao yeye bibi hawezi kuongea nao hata neno moja.

"Basi ataongea na mimi," Nasra akasema.

Asmita akawa mwalimu, tena mkali. Namaste, viganja vimekutana kifuani. Mero naam Nasra ho, jina langu Nasra. Ek, dui, tin, moja mbili tatu, kila ngazi na namba yake, na akikosea anarudi chini kabisa. Hata mume wangu Salim akaanza kuhesabu chapati kwa Kinepali. Nikamwambia dui zinamtosha.

"Na mtu mzima utamwamkiaje?" nikamuuliza Nasra.

"Khana khanubhayo? Yaani, umekula?"

Nikaguna. Mimi Msukuma wa Shinyanga. Mkubwa haulizwi habari za tumbo lake. "Piga magoti, mshike miguu," nikamwagiza. "Adabu haitaki mkalimani."

Alhamisi tukapanda. Bibi akafungua mlango, mdogo, mkavu, uso umeshakataa. Nasra akapiga magoti, akaidaka miguu yake.

Bibi akapiga ukelele! Akaruka nyuma, halafu, Mungu wangu, yeye ndiye akainama kuigusa miguu ya Nasra. Nasra akakimbilia sebuleni. Wakaizunguka meza, mzee ameinama kama anayekamata kuku, mtoto akipiga kelele "Ek! Dui! Tin!" maana Kinepali kingine chote kilikuwa kimemtoka, hadi akapanda juu ya kochi.

"Shuka!" nikafoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Safari imekufa, na aliyeiua ni mimi na adabu zangu.

Asmita alikuwa sakafuni, hoi kwa kicheko. "Anti," akasema kwa Kiingereza chake cha shule, "kwetu msichana hashiki miguu ya wakubwa. Wakubwa ndio wanaomwinamia yeye. Binti ni baraka."

Bibi alikuwa ameshalipata dole gumba la mguu wa Nasra. Akaligusa, akagusa paji la uso wake mwenyewe, akasema maneno marefu huku akitweta na kucheka.

"Anasema sasa ana wajukuu wawili," Asmita akatafsiri. "Kesho naenda!"

Wasichana wakarukiana. Bibi akanigeukia mimi, akauliza kitu.

"Anauliza mama yako yuko wapi."

"Shinyanga. Huu mwaka wa sita sijamwona." Sikukusudia kuyasema hayo ya mwisho.

Asmita akamtafsiria bibi. Na wewe ni binti wa mtu, bibi akajibu kupitia kwake, kisha akaanza kuinama.

Nilijikuta juu ya kochi, mwanamke mzima na baibui langu, nacheka huku machozi yananitoka.