Uvungu wa Wayo

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa tano, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mke wa fundi viatu alianguka kwenye ngazi za nyuma za kiwanda cha nguo, akiwa amekumbatia mashati ishirini yaliyokwisha kupigwa pasi. Hakuamka tena. Mashati hayakuchafuka, msimamizi aliyeleta habari alilitaja hilo kwanza, na fundi hajamsamehe mpaka leo.

Miaka mitatu imepita, na ulimi wa fundi bado ni mkali kama kisu chake cha ngozi. Wakubwa wa kiwanda ndio walioacha chuma cha kushikia pale ngazini kilegee miezi minane, wakaja kukikaza wiki moja baada ya mazishi. Wakubwa ndio waliogawa viatu vya kazi vyenye soli ngumu kama ubao. Majirani wamembandika jina la Mzee Wakubwa, na paka akipotea mtaani huulizana kwa sauti kama naye kachukuliwa na wakubwa. Yeye huwaacha wacheke. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini miezi minane anajua kuihesabu.

Jioni moja bintiye alirudi kutoka kiwanda kile kile, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Baba, leo nimeyumba ngazini. Nimewahi kushika chuma."

Mkono wa fundi ulisimama juu ya kisigino alichokuwa akikipigilia.

"Acha hiyo kazi."

"Niache, tule misumari yako? Nitengenezee soli za ndani, kama zile za mama. Nyayo zinaniuma mpaka magotini."

Tangu msiba hakuwa amemtengenezea mtu soli za ndani, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Lakini kuyumba kule kulimwingia kama maji ya baridi. Akachukua kipande cha boksi, akampaka binti unga wa chaki chini ya wayo, akaukandamiza juu ya boksi binti akiwa amekaa vile vile, kama alivyofundishwa kuwapima wateja wote. Alama ikatoka nzuri, imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu.

"Giza limeingia, baba. Ngoja niwashe taa."

Binti akainuka kuifikia swichi, mguu ule ule ukiwa bado juu ya boksi. Taa ilipowaka, fundi aliiona alama ya pili juu ya ile ya kwanza. Kiuno hakikuwapo. Uvungu wote ulikuwa umeshuka, umelala chini kama chapati.

Akaitazama muda mrefu. Mkewe naye alimpima amekaa. Alikuwa ametoka kazini hoi, na yeye, kwa kumhurumia, alimwambia asijisumbue kusimama. Akamchongea soli zenye mwinuko wa mguu uliopumzika, akazigundisha kwa fahari. "Ziko sawa, fundi wangu," mke alisema. "Natembea kama bibi harusi." Siku zilizofuata alimwona akipita ukumbini huku vidole vyake vikigusa ukuta. Alidhani ni uchovu.

"Simama vizuri," alimwambia binti, na sauti yake ilikuwa imelainika kiasi kwamba binti alimtazama.

Alikata sponji ngumu, akaipunguza, akaiingiza katika kiatu. Binti akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi.

"Vipi?"

"Kisigino kimetulia. Ila hapa katikati pananisukuma nje, kama natembea ubavuni mwa mtaro."

"Unasema kweli? Usiniridhishe tu."

"Nikuridhishe halafu nianguke mimi?"

Akapunguza tena, akasugua kwa msasa, akamtembeza tena. Mara ya nne binti alisimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba, mikono ameikunja, hatikisiki.

"Sasa nimesimama," alisema.

Fundi alibaki amepiga magoti. "Mama yako nilimpima amekaa. Nilimwinulia uvungu ambao akisimama haupo. Siku ile alikuwa amevaa soli zile."

Alingoja alaumiwe, kwa kipimo kile kile alichowapimia wengine. Binti akaja kukaa naye sakafuni, bega kwa bega, akamfuta unga wa chaki uliokuwa umemganda kwenye ndevu.

"Na chuma kilikuwa kimelegea," alisema.

"Kilikuwa kimelegea."

"Vyote viwili, basi."

"Vyote viwili," fundi akaitikia, na hilo lilikuwa zito kulibeba kuliko wakubwa wote.

Binti alikiokota kipande kilichopunguzwa mwisho, akakibonyeza kwa dole gumba.

"Mimi kimenisukuma, hatua tatu tu nikajua. Yeye alizivaa muda gani?"

"Wiki sita."

"Wiki sita, baba, akipanda na kushuka." Alikirudisha kipande sakafuni. "Sasa kwa nini hakukwambia?"